Bihogo Amevuka, Mimi Bado

Huu ni ukurasa kutoka daftari langu la mwaka 1999. Nimeuchapa kama ulivyo, isipokuwa pale maji yalipofuta mwandiko nimekisia.

Nyamyumba, kusini kidogo ya Gisenyi. Jumapili, kiangazi.

Leo ziwa limetulia na jua ni kali. Vumbi la kiangazi limeficha volkano zote, upande wa kaskazini ni weupe mtupu. Nimekaa juu ya paa la kibanda cha chombo chetu cha tanga, miguu inaning'inia. Kando yangu nimeanika sambaza, dagaa wa ziwa hili, kwenye gunia, na nimeshakula karibu nusu yao bila kukusudia.

Asubuhi niliamka na furaha ya mtu aliyeshinda. Sasa ni saa nane mchana na furaha hiyo imeingia doa. Nataka kuandika kila kitu kabla sijaanza kujitetea.

Kwanza niseme bila aibu: mimi ni nahodha mzuri. Sijisifu. Haya, najisifu kidogo. Baba alikuwa na mashua ya tanga kule Bukoba, akibeba ndizi na watu, na mimi ndiye niliyekaa naye kwenye usukani tangu nina miaka saba, kwa sababu kaka zangu walikuwa wanatapika. Tuliporudi Rwanda kutoka ukimbizini, wenzetu walirudi na ng'ombe, wengine na vyeti, wengine na cherehani. Mimi nilirudi na ujuzi wa kuendesha chombo kwa upepo, katika nchi ambayo hakuna anayeutumia upepo. Hapa Ziwa Kivu watu wanapiga kasia huku wanaimba, basi.

Kisha nikampata Faustin, fundi seremala wa Gisenyi, mwenye chombo cha tanga asichojua kukiendesha. Mzungu aliyemwajiri alikiacha ufukweni chini ya mikaratusi alipokimbia vita, na baadaye akaandika barua kwamba sasa ni cha Faustin. Jina la chombo lilikuwa limebanduka, zimebaki herufi tatu zisizosomeka neno. Faustin aliziba matundu, mimi nikashona tanga. Nusu ya tanga letu ni turubai la bluu, lile la kambi za wakimbizi. Tulifunga ndoa mwezi ule ule chombo kilipoacha kuvuja sana.

Nimesema "sana", sikusema "kabisa".

Huu ni mwaka wa pili tunaishi humu. Watu wanadhani tunatalii. Ukweli ni kwamba Faustin anatengeneza mitumbwi ya wavuvi wa sambaza, ile mitatu mitatu inayounganishwa kwa miti mirefu, na mitumbwi haiwezi kumfuata fundi, kwa hiyo fundi anaifuata. Mimi ndiye ninayemfikisha. Kijiji hiki siku tatu, kisiwa kile siku mbili, kisha tunang'oa nanga. Asubuhi yangu huanza kwa kuchota maji yaliyoingia usiku na kuyarudisha ziwani. Kisha nawasha jiko la mkaa ndani ya karai la mchanga, maana moto na mbao si vitu vya kutaniwa. Chai ikichemka, ndipo Faustin anafungua jicho la kwanza. Kufua nafanya hapa Nyamyumba kwenye chemchemi za maji moto, ambako shati la fundi linatakata bila kuumiza mikono. Habari za choo sitaeleza. Inatosha kusema nimekuwa mtu wa kuamka mapema sana.

Wavuvi tukikutana nao wanapiga kelele, "Madame! Ile shuka bado kukauka?" Wanaliita tanga langu shuka. Nawaambia wapige kasia kwa bidii wasije wakalala njiani, halafu nawapita huku nimenyamaza kimya, maana kimya kinauma zaidi.

Napenda maisha haya. Naandika wazi kwa sababu ndiyo yaliyowekwa rehani.

Mama mkwe wangu hajawahi kukanyaga humu. Anaishi hapa Nyamyumba, juu kidogo ya ufukwe, ila alizaliwa Goma na ndugu zake wako kule. Mimi naongea naye Kiswahili kwa sababu Kinyarwanda changu kina Bukoba ndani yake na kinamchekesha. Tunaongea Kiswahili, kila mtu na chake. Mara ya kwanza alipokiona chombo alikitazama kutoka mchangani, akasema, "Mukazana, nyumba ni kitu iko na mulango. Hii yenu iko na tundu." Mukazana ndiyo mimi, mke wa mwanawe.

Tangu siku hiyo akaanza kutujengea. Vyumba viwili kando ya nyumba yake, mabati yameshapigwa, imebaki milango. Kila tukitia nanga anatupeleka kutuonyesha mahali pa kitanda. Faustin anaitikia kila kitu kwa sababu ni mama yake. Mimi natazama mabati.

Wiki mbili zilizopita nyasi ziliisha. Mama ana ng'ombe mmoja tu, Bihogo, mwekundu wa kukoza, na ndama jike wa miezi miwili. Kiangazi watu wa huku hupeleka ng'ombe kwenye kisiwa kidogo kilichoko mbele yetu, hakina nyumba, kina majani hadi magotini na mchungaji mmoja. Ng'ombe hawabebwi, wanaogelea. Mtu anatangulia na mtumbwi polepole, ameshika kamba iliyofungwa kwenye pembe za ng'ombe, na ng'ombe anafuata. Jirani aliyekuwa anamvusha Bihogo kila mwaka amevunjika mkono. Basi Mama akatuita, akatukalisha, akasema hivi:

"Bon. Kama hii chombo yenu inaweza kufikisha Bihogo ku kisiwa muzima, mi naacha mambo ya nyumba, sitasema tena. Kama hapana, munaingia mu nyumba mwezi hii hii."

Nilisema ndiyo kabla Faustin hajafungua mdomo.

Hapo ndipo nilipopaswa kukumbuka kwamba sijui chochote kuhusu ng'ombe majini. Kwetu Bukoba ng'ombe alifungwa miguu, akapakiwa kwenye mashua, akavuka amelala chini huku anatukodolea macho. Ng'ombe anayeogelea nilimwona kwa mara ya kwanza hapa Kivu: pembe na pua juu ya maji, ametulia kabisa. Nikadhani ni jambo jepesi. Faustin alinieleza zaidi ya mara moja, na alinieleza vizuri: "Kamba unashika mu mukono. Ukiona anachoka, unaachilia. Usifunge hata kidogo." Nilimwambia nimesikia.

Ijumaa tulikwenda Gisenyi mjini kuchukua kibali, kwa sababu siku hizi huwezi kusogeza hata beseni ziwani bila karatasi. Askari pale ufukweni alikuwa sajini mwembamba, mpole, mwenye mwandiko wa mwalimu.

"Abiria wangapi?"

Nikamwambia ni mimi na mume wangu, ndama mmoja ndani, na ng'ombe mmoja anayeogelea nyuma.

Akaweka kalamu chini, akafikiri. "Anayeogelea hahitaji kibali," akasema, akapiga muhuri.

Nilicheka mpaka tukafika hapa. Nilikuwa na raha sana, namna ile ya raha inayomfanya mtu aache kuuliza maswali.

Jana asubuhi, saa tatu na nusu, tukaanza. Mpango ulikuwa ndama akae ndani ya kibanda, Faustin amshike, ili mama yake amsikie akilia na kumfuata. Hilo lilikwenda sawasawa. Bihogo aliingia majini bila kusukumwa. Tatizo lilikuwa mimi. Mkono mmoja usukani, mkono mmoja kamba ya tanga, na kamba ya Bihogo iko wapi? Nilikuwa na mikono miwili na vitu vitatu. Faustin aliliona hilo kabla hatujaondoka. Alisema, "Tuite Mama, yeye ashike kamba."

Nikasema hapana. Nikasema Mama anaogopa maji, tusimsumbue.

Si kweli. Hakuna aliyemuuliza kama anaogopa. Nilitaka abaki ufukweni aone. Nilitaka asimame pale mchangani na kitenge chake cha njano, na mimi niende mbele yake nimenyooka mgongo, mkewe Faustin, mtoto wa nahodha, na ng'ombe wake akinifuata. Mtu mwingine ndani ya chombo angeniharibia picha.

Kwa hiyo nilifunga. Kwenye pete ya chuma iliyoko nyuma, fundo alilonifundisha baba, lile ambalo kadiri linavyovutwa ndivyo linavyokaza. Faustin alikuwa ndani na ndama, hakuona.

Nusu ya kwanza ilikuwa nzuri mno. Upepo mdogo, chombo kinatembea kwa mwendo wa ng'ombe kabisa, Bihogo anapuliza pumzi nyuma yangu kwa utaratibu. Niligeuka mara mbili kumtazama, na mara tatu kumtazama Mama ufukweni. Naandika hesabu hiyo kwa makusudi.

Upepo wa kusini kwa kawaida huanza baada ya saa sita. Jana ulitukuta saa nne na nusu, tulipopita tu ncha ya kilima, na ulikuja wote kwa mpigo mmoja. Tanga likajaa, chombo kikalala upande na kuruka mbele. Na nitaungama hili pia: kwa sekunde moja nilifurahi. Mwili wangu ulifurahi wenyewe, kama unavyofurahi siku zote nikipata upepo.

Nilipogeuka sikuona kichwa. Niliona kamba imenyooka kutoka kwenye pete hadi majini, na ncha mbili za pembe.

Niliachia kila kitu. Tanga likaanza kupiga makofi, chombo kikageuka ovyo, mimi nikalirukia fundo. Lilikuwa limekaza vile vile baba alivyosema litakaza. Nilivuta kwa kucha, nikavuta kwa meno. Nilipiga yowe la kumwita Faustin, sijui nilitamka jina lake au nilipiga yowe tu. Alimwacha ndama, akatoka na patasi yake, akalipiga lile fundo mara mbili. Kamba ikaruka.

Bihogo akaibuka. Alikohoa, sauti nzito mbaya ambayo naisikia hadi sasa ninapoandika. Akazunguka mara moja pale pale. Nikajua anarudi nyumbani na hatafika, au anaelekea katikati ya ziwa. Nilikuwa nimeshika mkono wa Faustin kwa nguvu hadi leo una alama. Kisha Bihogo akainua pua, akanusa upande wa kisiwa, ambako kulikuwa na ng'ombe wengine wanalia, akaenda. Peke yake, moja kwa moja, bila kututazama.

Sisi tulishusha tanga tukachukua makasia. Tulipofika alikuwa ameshapanda ufukweni, anatetemeka, maji yanamtoka puani, anamwitia ndama wake. Nahodha wa Bukoba alifika wa pili, kwa kasia.

Tukamshusha ndama. Alikwenda mbio kunyonya, na Bihogo akamlamba kuanzia masikioni hadi mkiani. Mchungaji akamkagua, akamsikiliza mbavu kwa kuweka sikio, akasema atapona. Ndipo tuliposikia vigelegele kutoka ng'ambo. Kutoka kule mtu haoni kamba wala patasi. Anaona chombo, anaona ng'ombe mwekundu anapanda nchi kavu, basi.

Tulirudi na upepo. Mama alitupokea akiwa amelowa hadi magotini kwa furaha, akamkumbatia mwanawe, akanikumbatia mimi. Kisha akaokota kamba, akaona imekuwa fupi.

"Ingine iko wapi?"

"Ilikatika yenyewe, Mama," Faustin akasema. "Ilikuwa ya zamani."

Na mimi nikatikisa kichwa kukubali.

Labda ningeishi na hilo. Kamba zinakatika kweli, kila siku. Lakini leo, baada ya misa, Mama alisimama mlangoni mwa kanisa akawahadithia wanawake wenzake, na hakuishia hapo. Aliwaleta watatu hadi huku ufukweni, wamevaa mavazi ya Jumapili, na mbele yao akasema, "Huyu mukazana yangu ni capitaine. Ile ndama ya Bihogo, namupatia. Ni yenu, nyinyi wawili."

Wanawake wakapiga makofi. Faustin akatazama viatu vyake.

Asiyeijua nchi hii atadhani ni zawadi nono tu. Si hivyo. Ukipewa ng'ombe mmefungana, wewe na aliyekupa. Watoto wako watajua alikotoka, na watoto wake watajua. Mtu anaweza kugombana na jirani miaka kumi, ukamkumbusha ng'ombe aliyepewa naye, akanyamaza. Na mimi nimefungwa kwa ndama ambaye mama yake nilimzamisha. Nilisema asante na sauti ikatoka nyembamba. Mama akadhani nataka kulia kwa furaha, akanishika shavu.

Nimemwambia Faustin nataka kusema ukweli. Alikuwa ananoa ile patasi, iliharibika ncha kwa ile pete. Hakukasirika. "Acha tu," akasema. "Bihogo iko muzima. Mama iko na furaha. Unataka nini ingine?"

Ni swali zuri. Nikikaa kimya nina chombo, nina ndama, nina mama mkwe anayeniita kapteni. Nikisema, nina vyumba viwili vya mabati na mahali pa kitanda nilipokwisha kuonyeshwa. Alisema Bihogo afikishwe na chombo, na chombo hakikumfikisha. Bihogo alijifikisha baada ya kuokolewa kutoka kwangu.

Naogopa. Nimezoea kutoogopa, kwa hiyo sijui nikae vipi na kitu hiki. Natazama jiko langu kwenye karai, na pale ndani ambapo nikinyoosha mkono kutoka kitanda changu namgusa Faustin kwenye chake. Nafikiria kuamka kila siku mahali pale pale.

Lakini siwezi kumwona yule ndama akikua na kuzaa, na watu wakisema huyu ni yule wa safari ile, na mimi nikitabasamu. Nitachoka kabla hajaota pembe.

Naenda kumwambia. Sasa hivi, kabla sijapata akili ya kuacha.

Saa kumi na moja na nusu.

Nilimkuta ameketi mkekani uani, anapukuchua maharage. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakakimbia. Nikapiga magoti mbele yake nikasema, "Mama, kamba haikukatika. Niliifunga kwenye chombo. Upepo ulipokuja Bihogo alizama. Faustin aliikata kwa patasi, kisha akasema vile kwa ajili yangu."

Aliendelea kupukuchua. Maganda matatu, manne.

"Alikuwa chini ya maji muda gani?"

"Sijui, Mama. Muda wa kuvuta pumzi mara tano. Labda sita."

"Juu ya nini ulifunga?" Alikuwa anauliza kwa nini.

"Sikuwa na mkono wa tatu."

Hapo ndipo aliponitazama. "Na mi? Mi sikuwa na mikono?"

Nilitaka kusema kuhusu maji, kwamba nilidhani anaogopa. Nikasema ukweli, kwa sababu nilikuwa nimeshauanza. "Nilitaka ubaki ufukweni unione, Mama."

Alisimama, maharage yakamwagika kutoka mapajani. Aliingia ndani akafunga mlango, na nikasikia komeo likiingia mahali pake. Nilimwokotea maharage yote, moja moja, nikayarudisha kwenye ungo. Sikujua la kufanya lingine.

Nilirudi huku nikamwambia Faustin tufungashe. Hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi. Nilitia sufuria kwenye gunia, nikakunja mablanketi, nikashusha kamba ya kuanikia nguo. Nililia, nisidanganye, nililia kwa sauti hadi bata waliokuwa karibu wakaondoka. Faustin alikaa juu ya sanduku lake la vifaa akaniambia kwamba nyumba ile ina upepo mzuri dirishani. Maskini, alikuwa anatafuta kitu chochote cha kunipa.

Kama saa kumi hivi tukamwona Mama anashuka kilima. Kitenge amekipandisha, viatu mkononi, beseni kichwani. Hakusimama mchangani kama siku zote. Aliingia majini. Magoti, mapaja, kiuno, hadi akafika ubavuni mwa chombo, akatua beseni mbele yangu bila salamu. Ndani mlikuwa na viazi vitamu, blanketi, na chumvi ya mawe iliyofungwa kwenye jani la mgomba.

"Ndama haiko yenu tena," akasema. "Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Bihogo alikunywa maji mingi. Lazima apate chumvi, na lazima mutu wake amuangalie mu macho. Kesho asubuhi munanipeleka."

Faustin ndiye aliyeuliza, na ningempiga kwa kuuliza. "Na nyumba, Mama?"

"Nyumba ntatia viazi, mulango itakuwa ya viazi." Akanigeukia. "Donc, sikia. Ng'ombe yangu iko ku kisiwa mpaka mvua. Nani atanipeleka kule kila juma, jirani ya mukono moja? Mvua ikirudi, Bihogo anarudi nyumbani na hii chombo. We utashika tanga yako. Ile kamba, mi njo ntashika. Na ukinificha kitu tena, yewe, ntakuzamisha mi mwenyewe."

Halafu akanyoosha mikono juu apandishwe.

Faustin alimvuta kutoka juu. Mimi niliruka majini nikamsukuma kutoka chini, na naapa hakuna mila ya Bukoba wala ya Gisenyi inayoeleza bega la mkaza mwana liwekwe wapi katika hali ile. Alianguka ndani kwa magoti, akakaa, akashika pande zote mbili, akatulia akisikiliza. "Inatingishika," akasema. Baadaye kidogo akaongeza, "Haiko mbaya."

Sasa hivi ninapoandika yuko ndani ya kibanda. Amelikuta gunia langu lililofungashwa, akauliza nani anasafiri, halafu akaanza kutoa sufuria moja moja na kuzipanga anavyotaka yeye. Kifuniko cha sufuria kubwa kimepewa mahali ambapo sitakiona tena. Anasema atalala humu humu leo, ili asubuhi tusimwache. Faustin atalala nje karibu na mlingoti. Mama amechagua kitanda changu kwa sababu kiko jirani na tundu la kutokea, na mimi nimebaki na kile cha Faustin, chenye msumari unaochoma ubavuni.

Nimepoteza ndama leo. Nilikuwa naye kwa muda wa misa moja na chakula cha mchana. Inaniuma, na nimestahili, na sijui lini nilikuwa na furaha kiasi hiki.

Kesho kabla jua halijatoka, tukianza kung'oa nanga, nitakuwa tena na mikono miwili na vitu vitatu. Faustin ataruka kunisaidia kama kawaida yake. Nitamwambia akae. Nitamwita Mama, kwa mdomo wangu mwenyewe, nimwombe anishikie kamba.